Mjomba wa Kibarazani

Hivi wewe, umewahi kuombwa na mtoto wako wa kumzaa ufe kidogo? Si kufa kabisa, la. Kufa kwa siku moja tu, Jumamosi, tangu asubuhi mpaka wageni waondoke, halafu jioni ufufuke unywe chai yako kama kawaida. Fundi aliombwa hivyo, na aliyemwomba alikuwa ameketi kwenye sofa ambalo Fundi mwenyewe alilipiga misumari.

Mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mito kwa sababu ya mito ya makochi aliyokuwa akiishona kwa cherehani ya miguu, alikuwa akichomoa uzi ulionasa kwenye sindano. Hakusikia vizuri. Au alisikia, akataka iwe hakusikia vizuri.

"Umesema nini, Kalamu?"

Kalamu ndilo jina walilompa binti yao tangu mdogo, kwa kuwa alikuwa hatembei bila kalamu nyuma ya sikio, hata akitumwa chumvi dukani. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, anakaa bwenini, na siku hiyo ya katikati ya wiki alikuwa ametokea nyumbani bila taarifa, bila hata begi.

"Jumamosi wanakuja watu wa ufadhili kutuona," alisema. "Insha yangu imepita, mama. Watanilipia ada yote iliyobaki. Yote! Lakini kwenye insha, baba..." Akaangalia kucha zake. "Kwenye insha, baba alishafariki."

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha mteja, midomo imebana misumari. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote. Mafundi sofa wengine huweka misumari yao midogo kwenye kopo. Yeye aliiweka mdomoni, akiusukuma mmoja kwa ulimi, akiuchukua kwa vidole, akiupiga, halafu mwingine. Na kwa kuwa mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi kitu, Mama Mito alishagundua zamani kwamba siku nyingine misumari ile haikuwa ya kazi. Wakikwaruzana asubuhi, utamkuta kajaza mdomo mpaka jioni, na kiti chenyewe kimekwisha.

Siku hiyo aliitema kiganjani.

"Nilikufaje?"

"Baba jamani..."

"Nauliza tu. Mtu akifa ana haki ya kujua kilichomuua."

"Ulianguka."

"Nilianguka wapi?"

"Juu ya paa. La tajiri mmoja. Ulikuwa unampigia bati."

Fundi akafikiri. "Mimi fundi sofa," alisema taratibu, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni. "Juu ya paa la watu nilifuata nini?"

Mama Mito akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimponyoka tu kama chafya, na alipoona hakuna aliyecheka naye akajifanya anakohoa. Fundi akairudisha misumari mdomoni, yote kwa mpigo mmoja, akaendelea kugonga.

*

Jikoni, mbele ya sufuria ya maji ya chai, Kalamu alimweleza mama yake ilivyokuwa.

Chuoni walitangaziwa kwamba kuna mfuko unaosaidia wanafunzi, na kila anayetaka kusaidiwa aandike insha juu ya maisha ya nyumbani kwao. Bweni zima likatoa simu. Siku hizi hakuna anayeanza na karatasi tupu. Unaiambia akili mnemba iliyomo kwenye simu kile unachotaka kusema, inakupangia maneno, unasoma, unairudishia, inakupangia tena mpaka uridhike.

"Kwanza niliiambia ukweli, mama, nakuapia. Baba fundi sofa, wewe unashona mito, kibaraza kinanuka gundi, watu wananunua masofa ya dukani na kazi zimepungua. Ikaandika vizuri tu. Nikawasomea wenzangu."

"Wakasemaje?"

"Walisema hii haimtoi mtu chozi. Baba yako mzima, mama yako mzima, sebuleni mna sofa, nani akulipie ada? Basi nikaiandikia: iguse zaidi."

"Ikafanyaje?"

"Ikamwumiza baba mgongo."

"Hee!"

"Nikaiandikia tena, iguse zaidi. Ikamlaza kitandani. Nikaiandikia tena." Kalamu akapunguza sauti. "Ikamzika, mama. Kwenye mvua. Sofa likauzwa, tukawa tunakaa chini. Na wewe ukaanza kuponda kokoto."

"Mimi?"

"Kwa mikono yako. Imeandika hivi: mikono iliyopasuka kama ardhi iliyokosa mvua."

Mama Mito akaigeuza mikono yake kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na vitobo vya sindano kwenye ncha za vidole, na alama ya kukwaruzwa na mkasi, lakini kwingine kote ilikuwa laini kwa mafuta ya cherehani. Akajikuta anaionea haya, kama mtu aliyevaa nguo isiyofaa shughuli.

"Na huyo mnemba wako, hakuuliza kama ni kweli?"

Kalamu akainama. "Aliuliza. Chini kabisa, baada ya insha. Aliandika kwamba kama mambo hayakutokea hivi nibadilishe kabla ya kutuma, kwa kuwa insha inahusu maisha yangu."

"Ukabadilisha nini?"

"Jina la chuo. Lilikuwa limekosewa."

Maji yakachemka. Mama Mito alitia majani, akafunika sufuria, akayapunguza makaa kwa koleo ingawa hayakuwa na haja ya kupunguzwa. Alitaka kugomba. Maneno ya kugomba alikuwa nayo, mengi, yamejipanga. Lakini alijua pia kitu ambacho hakikuhitaji kusemwa jikoni mle: ada isipolipwa mwezi huu, Kalamu haingii kwenye chumba cha mtihani, na miaka yote ile ya chuo inabaki kuwa hadithi ya kusimulia. Na juu ya kabati la chumbani kulikuwa na kitambaa cha mahameli ya kijani, kimekunjwa ndani ya shuka, ambacho Fundi alikinunua Kalamu alipoanza chuo. Alisema siku ya mahafali atalivisha sofa lao kitambaa kile, ili mwalimu akirudi nyumbani na cheti chake akalie kitu cha maana. Alikuwa hakigusi. Mara moja moja alikishusha, akakikung'uta vumbi, akakirudisha.

Alimpelekea mume wake chai kibarazani, akamsimulia yote aliyoyasikia jikoni, tangu ile insha ya kwanza.

"Ni siku moja tu, baba Kalamu."

Fundi alikuwa ametoa misumari, lakini alinywa chai kama aliyekuwa nayo bado.

"Sijakataa," alisema baadaye. "Lakini siendi kujificha kwa watu kama niliyeiba kuku. Nina kiti cha mteja. Marehemu awe marehemu, mimi nitakaa kibarazani kwangu."

"Wakiuliza wewe nani?"

"Sema mjomba wa mtoto. Nyumba gani haina mjomba?"

"Kwa hiyo wewe ni kaka yangu."

"Kaka yako," alikubali Fundi. "Tena na mahari nilitoa."

*

Jumamosi asubuhi walilitoa sofa. Lilitoka bila shida. Fundi alipolitengeneza, kwa mbao zilizobaki za watu na sponji za vipande vipande, alikuwa ameupimia mlango: ukilisimamisha wima linapita, inabaki nafasi ya kidole kila upande. Walilisimamisha, wakalipitisha, wakaliweka kibarazani pembeni ya kiti cha mteja, na sebule ikawa kubwa ghafla na ya kigeni, sakafu imeacha alama nne za miguu. Kalamu alishusha picha ya harusi. Pale ilipokuwa ukuta ulibaki msafi, kipande cha mraba cheupe kuliko rangi nyingine, kinaonekana kuliko hata picha yenyewe ilivyokuwa ikionekana.

"Tundika kanga hapo," alisema Mama Mito.

"Mnahama, au mmefilisiwa?" Huyo alikuwa Mama Mkaa, jirani anayeuza mkaa mlango wa pili, amesimama na mikono kiunoni.

"Tunafagia."

"Mnafagia mpaka picha ya harusi?" Mama Mkaa akasogea, akashusha sauti, ingawa sauti yake hata ikishushwa inafika barabarani. "Shoga, usinifiche mimi. Fundi baiskeli wa kule nyuma ana mtoto chuo hichohicho. Alikufa Jumatano. Alhamisi nimemwuzia mkaa debe zima, na akataka kupunguziwa bei. Mwaka huu chuo kile ni mayatima watupu! Tangu juzi nahudhuria misiba isiyo na hata chai."

Mama Mito alitaka kumjibu jibu kali, akajikuta anamwomba karai la kokoto, kwani Mama Mkaa alikuwa na lundo lililobaki alipojenga choo. Karai likaja. Ikakosekana nyundo. Ikaletwa ya Fundi, ile nyepesi ya misumari ya sofa, ina kichwa chembamba kama kidole cha mtoto. Mama Mito akakaa chini mlangoni akalijaribu jiwe moja. Jiwe likaruka, likagonga ndoo.

"Nyundo hiyo," alisema Mama Mkaa, "hata karanga inaiomba ruhusa." Akaenda zake akicheka, lakini punde akarudi na nyundo nzito ya nyumbani kwake, akaiweka chini bila neno, akamrudishia Fundi ile ndogo.

*

Wageni walikuwa mwanamke mmoja wa makamo, amevaa viatu vya kisigino vilivyomchubua mpaka kabandika plasta, na mpiga picha aliyebeba mifuko mingi. Kalamu aliwapokea, "Shikamoo, shikamoo," akawaingiza. Walipopita kibarazani, mwanamke yule alimtazama Fundi, Fundi akaitikia kwa kichwa. Mdomo ulikuwa umejaa.

Ndani walimkuta Mama Mito amekaa sakafuni. Alikuwa amefunga kanga kuukuu kichwani na kujipaka vumbi la kokoto kidogo mikononi, na vumbi lile lilikuwa likimwasha. Mgeni alisema pole kwa maisha, mama, Mama Mito akasema tumeshapoa. Jambo la ajabu ni kwamba alijisikia kweli amefiwa. Hata mwanga wa mlangoni aliuona wa msiba.

"Mama, tunaomba uponde kidogo kama kawaida yako," alisema mpiga picha.

Aliponda. Jiwe la kwanza lilitoroka. La pili lilipasuka, kipande kikamrukia shavuni.

"Tena, mama. Polepole. Usitazame huku. Jifanye hatupo."

Hapo kibarazani Fundi akaanza kugonga. Ko, ko, ko. Mpiga picha akavua visikilizio alivyokuwa amevaa masikioni.

"Huyo anayegonga ni nani?"

"Mjomba wake huyu," alisema Mama Mito. "Kaka yangu."

Mgeni alimwangalia Kalamu, akaangalia mlango, akaandika kitu. "Mwambieni apumzike kidogo. Sauti inaingia."

Mama Mito akainuka, magoti yanalia, akatoka. Alikusudia kusema maneno mawili arudi, lakini alisimama pale kibarazani amepigwa na butwaa. Kiti cha mteja kilikuwa kimesukumwa kando, hakijaguswa. Fundi alikuwa juu ya sofa lao wenyewe. Alikuwa amekichana kitambaa cha zamani kwenye mikono yote miwili ya sofa, ameongeza sponji mpya, nene, juu ya ile ya zamani, na mahameli ya kijani ilikuwa imefunguka magotini pake, inang'aa juani kama kitu kisicho cha nyumba ile.

"Hiyo si ya mahafali?" aliuliza kwa kunong'ona.

Fundi aliivuta mahameli ikaze. Midomo ilikuwa imebana misumari mpaka imekuwa myeupe.

"Wanasema usigonge."

Akaitikia kwa kichwa, akaweka nyundo chini, akaendelea kuivuta mahameli kwa mikono.

Ndani, mgeni alikuwa ameshageuza ukurasa. "Tueleze kuhusu marehemu, mama. Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mkimya," alisema Mama Mito. Hilo lilitoka lenyewe. "Anaweka misumari mdomoni, huwezi kujua amekasirika au anafanya kazi."

"Alikuwa anaweka," mgeni alimsahihisha kwa upole. "Tuseme alikuwa, kwa ajili ya picha."

"Alikuwa anaweka. Akimaliza kiti, anakikalia kwanza yeye, anafumba macho, ndipo anamwita mteja..."

"Kiti?" aliuliza mpiga picha. "Si alikuwa anapiga bati?"

"Bati," alisema Mama Mito. "Bati, ndiyo."

"Na misumari ya bati anaweka mdomoni?" Mpiga picha alionyesha kwa vidole urefu wa msumari wa bati.

Kalamu alikuwa ukutani chini ya ile kanga iliyotundikwa, jasho linamtiririka kwenye shingo. Mgeni akasema haya tuache hapo, binti asome ile sehemu ya mwisho. Kalamu akasoma kwenye simu. Yalikuwa maneno mazuri, hakuna ubishi. Yalikuwa yanapanda na kushuka kama wimbo. Alisoma jinsi mvua ilivyogonga jeneza, jinsi alivyoahidi kaburini kwamba atakuwa mwalimu. "Baba, popote ulipo," alisoma, "natumaini unanisikia." Mahali pale sauti yake ikakatika, na mpiga picha akainua dole gumba juu kumwonyesha kwamba vizuri sana, aendelee hivyohivyo.

Nje, kiti kililia. Mtu alikuwa amekikalia, ameegemea ukuta kusikiliza.

*

Walipomaliza, mgeni alitoka akichechemea, akavua viatu, na kabla ya yeyote kumkaribisha akajitupa kwenye sofa la kijani lililokuwa bado halijakamilika mgongoni.

"Aah," alisema, akafumba macho. "Tangu asubuhi nakalishwa chini." Akaipapasa mahameli. "Sofa la nani hili, mjomba?"

Fundi akaonyesha kwa kidole ndani ya nyumba.

Mgeni alicheka kidogo bila furaha. "Hii ni nyumba ya nne. Na kila nyumba ina mjomba. Mmoja anatengeneza baiskeli, mmoja yuko juu ya ngazi anapaka rangi, mwingine alikuwa amembeba mtoto wa mwisho, na mtoto anamwita baba. Wa kwenu angalau amekaa kimya."

Mama Mito, ajabu, alihisi nafuu. Basi imekwisha, alijiambia. Wamejua. Kalamu alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mgeni.

"Tusamehe, dada. Nitoe. Futa jina langu, nitaandika nyingine, nitaandika ukweli..."

"Inuka, mdogo wangu. Nifute nini?" Mgeni hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alisema kama mtu anayesoma bei. "Insha zenu zimeshapelekwa kwa wenye mfuko. Wamezisoma, wamelia, wametoa. Nikimfuta mmoja wataniuliza kwa nini, wakiuliza wataulizia wote, na mfuko utafungwa. Wenzako wote watatoka chuoni. Na mimi nitatoka kazini, nina watoto wanasoma. Sikuja kuangalia nani kafa. Nimekuja kuchukua picha."

Mpiga picha alikuwa anafunga mifuko yake, mgongo kawageuzia, kama asiyesikia.

"Kwa hiyo ada italipwa?" aliuliza Mama Mito.

"Jumatatu. Ila msijichanganye. Kila muhula uliobaki utaandika barua ya shukrani, mama, kama mjane. Na siku ya mahafali wenye mfuko watakuja, watataka kukuona, labda wakuombe useme machache."

Fundi akatoa misumari miwili, mitatu, akabaki nayo mingine upande wa shavu. "Na mjomba?" alisema. "Mahafali mjomba anakaribishwa?"

Mgeni akaanza kuvaa viatu. "Mzee wangu, ukutani kwenye ukumbi kutakuwa na picha hizi, kubwa. Huyu binti anafanana na wewe mpaka masikio. Na wewe ndiye waliyemlilia kuliko wote." Akafunga kamba ya kiatu. "Bora usionekane."

Kule mlango wa pili Mama Mkaa aliacha kuchota mkaa.

"Mnaafiki?" aliuliza mgeni, na hakumtazama Fundi wala Kalamu. Alimtazama Mama Mito.

Mama Mito akatazama. Aliona kichwa cha binti yake kimeinama, na nyuma ya sikio, kalamu, kama alipokuwa na miaka saba. Aliona mikono ya mume wake juu ya mahameli. Alitafuta neno la tatu, lisilo ndiyo wala hapana, na hakulipata.

"Sawa," alisema.

Fundi akairudisha misumari mdomoni.

*

Wageni walipokwisha kukata kona, ilibidi sofa lirudi ndani, kwa kuwa mawingu yalikuwa yamekusanyika na mahameli haitaki maji. Fundi alitangulia ndani kinyumenyume, Mama Mito na Kalamu wakasukuma kutoka nje. Wakalisimamisha wima kama asubuhi. Likaingia nusu, likanasa.

"Sukumeni," ishara ya Fundi ilisema.

Wakasukuma. Mbao zikalia. Halikwenda mbele, halikurudi nyuma.

Ndipo Mama Mito alipoelewa. Mikono ile ya sofa, Fundi alikuwa ameinenepesha. Mtu aliyejua mlango ule kuliko anavyojua viatu vyake, aliyepima kila kitu maisha yake yote, leo alikuwa ameongeza sponji juu ya sponji bila kuupimia mlango, huku akisikiliza anavyozikwa. Ile nafasi ya kidole ilikuwa imekwisha.

"Haa!" Mama Mkaa alikuwa ameshafika. "Sasa marehemu kafungiwa ndani."

"Mama Mkaa, leo tuache," alisema Mama Mito, na kulikuwa na kitu kwenye sauti yake, maana Mama Mkaa alisema haya, akarudi kwake, akafunga mlango.

Walibaki hivyo. Sofa limejaa mlangoni, kijani tupu, na juu yake upenyo mdogo ambamo waliweza kuona paji la uso la Fundi na macho yake. Matone ya kwanza yakaanza kupiga bati.

"Baba," alisema Kalamu. "Baba, nisamehe. Nitawaambia. Siku ya mahafali nitasimama mbele yao wote niwaambie."

Macho yalimtazama. Mama Mito alijua, na aliona kwamba Kalamu naye anajua, kwamba hatasimama. Wenzake wapo, cheti kipo, mgeni yule na watoto wake wapo.

"Fundi," alisema Mama Mito. "Nimesema sawa mimi, si yeye. Kama una hasira, nipe mimi. Lakini sema. Leo usininyamazie."

Kule ndani wakaisikia misumari. Alikuwa anaitema juu ya mkono wa sofa, na ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye mahameli mpaka sakafuni, mmoja, halafu mwingine, halafu mingi kwa pamoja, mpaka ikaisha. Hawakujua kwamba mdomo wa mtu unaweza kubeba mingi vile.

"Ile ya kwanza iko wapi?" alisema.

"Ipi, baba?"

"Ile uliyoandika kabla wenzako hawajaisikia. Ile ya gundi na mito."

Kalamu akajipapasa mfukoni, akatoa simu, akaikinga mvua kwa kiganja. "Ipo, nadhani. Sijaifuta. Lakini haikuwa nzuri, baba. Haimtoi mtu chozi."

"Sikutaka chozi la mtu," alisema Fundi kutoka upande wa pili wa sofa. Sauti yake ilikuwa nene, kama ya mtu ambaye hajaitumia kwa miaka. "Nilitaka uje nayo hapa nyumbani, kabla ya kumpelekea mtu yeyote. Nikae, unisomee. Basi. Nilitaka kusikia nimeandikwaje nikiwa mzima."